Injinia Anataka Nipige Magoti Ndipo Anisainie Kitabu

Admin, nifichie jina, lakini usiupunguze ukali wangu hata kidogo. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na nne, mzaliwa wa Katwe, mama yangu anachimba chumvi ziwani. Nilifaulu hesabu na fizikia sekondari, nikasoma cheti cha ujenzi miaka miwili, na sasa namalizia diploma ya fundi sanifu. Kimebaki kitu kimoja: injinia msimamizi wa saiti anisainie kitabu cha mafunzo kazini. Bila sahihi yake sipati diploma, na chuo kinakitaka Ijumaa hii.

Saiti iko Bwera, tunajenga wodi ya wazazi. Wiki mbili zilizopita liliingia lori la mchanga. Niliuona una weupe nisiouelewa, nikaweka punje ulimini. Chumvi! Jamani, kuhusu chumvi mtaniambia nini mimi? Nyumbani kwetu bati tumeshabadilisha mara mbili, misumari inaoza tunaiangalia. Ikiingia kwenye zege inakula nondo polepole mpaka siku dari linaposhuka. Nikamwambia injinia palepale, mbele ya mafundi.

Akacheka. "Weye ulisomea kuonja muchanga? Rudia mama yako kule kwa chumvi!"

Wote wakacheka isipokuwa mzee Kambale, mwashi aliyetoka Butembo. Alichota kidogo, akaonja, akatema. "Injinia, huyu mutoto anasema kweli. Miye sitachanganya hii." Akaweka koleo chini, wenzake wakafuata. Tangu siku hiyo zege halijamwagwa, na ule mchanga bado umerundikwa kando ya ukuta.

Juzi nilimpelekea injinia kitabu. Alinirudishia bila kukifungua. "Kwanza upige magoti mbele ya bale mafundi, useme ulikosea, muchanga iko muzuri. Kisha nasaini."

Mmemsikia? Kupiga magoti kwetu ni heshima, na wazee nawapigia bila kuambiwa. Huyu heshima haitaki. Anataka mdomo wangu ndio uurudishe ule mchanga kazini.

Nilipomweleza mama, alisema, "Piga tu, mutoto yangu. Magoti haivunjike." Niliumia sana. Ada yangu yote imetoka kwenye miguu yake iliyochubuliwa na maji ya chumvi, na nikikosa diploma sijui nitamtazamaje. Nikalia. Lakini mama, wanawake watazaa chini ya lile dari! Pengine na mimi mwenyewe.

Sipigi. Aniite jeuri, anifukuze, shauri yake. Nimeufunga mchanga kidogo kwenye kavera, mfuko wa plastiki, na Ijumaa naenda nao chuoni pamoja na kitabu chenye ukurasa usio na sahihi. Kwa hiyo nishaurini, ila habari za magoti mkae nazo. Nikisimama mbele ya mkuu wa chuo, nianze kuweka kipi mezani, kitabu au mchanga?