Kilio cha Bata

Mtaa mzima ulimwita Bata, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Ndiye aliyekuwa sauti ya bata katika ile katuni ya vichekesho ya kila Jumapili, bata mbishi anayeishi jikoni mwa hoteli na mpishi mwenye hasira. Kipindi kilichompa umaarufu ni kile cha mwiko: mpishi anamkimbiza bata juu ya meza, chini ya meza, anamtwanga hadi manyoya yanajaa kwenye supu, na bata analia, "Jamani, nauawa mie!" Kilio hicho alikitoa studioni, chumba kidogo kilichozibwa kwa magodoro, hadi fundi mitambo akakaa chini kwa kucheka. Watu walikipenda kupita kiasi. Watoto walikiiga njiani, wakubwa wakakifanya mlio wa simu.

Waliosema anakula bata kwa umaarufu huo hawakuwahi kuingia chumbani kwake. Mumewe, mchomelea mageti, alikuwa na mkono mwepesi. Mara ya kwanza alipompiga baada ya kipindi kuvuma, mkewe alilia kwa maneno yanayomtoka yeyote anayepigwa: "Jamani, nauawa!" Upande wa pili wa ukuta, mama mshonaji akaangua kicheko. "Jirani yetu yuko mazoezini! Ongeza, shoga!"

Mume akasita, akasikiliza, akatabasamu. Tangu siku hiyo hakuhangaika tena kufunga dirisha. Mtu muovu ukimpa kichaka cha kujificha, atajenga nyumba humo humo.

"Lia," alimwambia. "Lia vizuri, wakusikie."

Jumapili moja mchana alimpiga kwa nondo. Pigo la kwanza lilimvunja mkono, la pili likampasua juu ya jicho. Kipindi cha mwiko kilikuwa kinarudiwa. Bata wa katuni alilia kwenye televisheni, majirani wakacheka ng'ambo ya ukuta, naye mke, aliyekuwa amejibanza chini ya meza, alijua kwamba akipiga kelele atakufa huku akichekwa. Akafumba mdomo. Mume alipoinama kumvuta mguu, akamtwanga kisigino cha meno. Akajiinua, akaisukuma televisheni kwa bega, ikatoka na kioo cha dirisha, ikapasukia uani.

Hapo wakaja. Televisheni nzima kurushwa nje, nani asije? Wakajaa mlangoni, mama mshonaji mbele, wakamkuta mume na nondo mkononi.

"Ni mazoezi tu," alisema akihema, damu ikimtoka mdomoni. "Muulizeni mwenyewe."

Wakamgeukia mke. Kuna mtu nyuma alikuwa ameshaanza kucheka.

"Ananiua," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, nzito na kavu. Wengi wao hawakuwahi kuisikia.

Wakamvaa yule mwanamume, wakamburuta hadi uani, wakampiga mpaka sura ikapotea. Mama mshonaji hakutoka nao. Alipiga magoti akaushika ule mkono uliovunjika.

"Siku zote zile," aliuliza, "ulikuwa unatuita?"

"Nilikuwa nawaita."