Barua Niliyomwandikia Beata

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti shule moja ya sekondari kule Lyamkena, Makambako, viatu vyangu vikiwa vimejaa vumbi la malori. Barua yangu ya ajira ilisema mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Mkuu wa Shule, bwana mmoja mrefu asiyependa kurudia neno, aliisoma, akaikunja, akanitazama.

"Kiingereza utafundisha asubuhi," akasema. "Mchana utakuwa mwalimu wa unasihi."

Nikamwuliza unasihi ndiyo nini.

"Kuzungumza na wanafunzi. Na wewe naona hujanyamaza tangu uingie humu."

Loo, nilikasirika! Lakini hakunisingizia. Unasihi, kwa ninyi vijana mnaosoma haya, ni kukaa na mwanafunzi mpaka ajue anataka kwenda wapi na njia ya kufika huko. Kwetu ulikuwa hasa kuwaandaa kidato cha sita kwa maombi ya vyuo: kujaza fomu, kufanya usaili wa majaribio, yaani mimi najifanya mtu wa chuo na mtoto anajibu maswali, na mwishoni kuandika barua ya mapendekezo. Hiyo ni barua ambayo mwalimu anamweleza mwombaji kwa watu wasiomjua. Vyuo vingi havikuitaka. Vile vilivyoitaka viliisoma mstari kwa mstari.

"Chuo hakimjui mtoto wako," Mkuu wa Shule aliniambia. "Kinaijua karatasi. Weka cheo kwenye karatasi."

Nami nikaweka. Jamani, niliweka vyeo mpaka vikaisha! Viranja wa kawaida hawakutosha, nikabuni kiranja wa kengele, kiranja wa bomba, kiranja wa chaki. Vijana wa Makambako wamekulia njia panda, wageni hawawatishi. Ukimpa mmoja cheo cha chaki asubuhi, jioni anahutubia watu juu yake. Wengi walipata vyuo, na mimi nikavimba kichwa.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa Njombe mjini, shule ya kutwa, nikapanga nyumba kata ya Ramadhani. Huko baridi inakuamsha kabla ya jogoo, na watoto ni wa aina nyingine kabisa. Wametoka mashambani, kwenye nyumba ambazo mtoto anaposalimia anainama na kuteremsha sauti. Ukimwuliza kwenye usaili wa majaribio, "Umewahi kuongoza nini?" anatazama sakafu. Mkuu wa Shule wa pale, mama mpole kutoka Makete, aliniona nikihangaika nao.

"Mwalimu, hao viranja wako wa chaki wanaongoza nini hasa?" akaniuliza siku moja.

Nilimjibu kwa heshima, ila moyoni nilisema huyu naye hajui kazi. Kumbe!

Shida kubwa ya pale ilikuwa utoro wa Novemba. Mvua zikianza, watoto wanabaki nyumbani kupanda mahindi, na darasa linakuwa nusu. Mwaka mmoja, bila mimi kuelewa kwa nini, kidato cha sita hawakukosa. Daftari la mahudhurio lilijaa wiki nzima, na wiki iliyofuata. Nikafurahi, nikahitimisha mwenyewe kwamba ni kazi ya Kiranja Mkuu, kijana mmoja hodari wa kusema aitwaye Joseph. Sikumwuliza mtu. Joseph alipoomba chuo, nikaandika kwa wino mzuri kwamba ndiye aliyekomesha utoro.

Darasa hilohilo lilikuwa na Beata. Alitaka uuguzi, chuo kimoja tu, cha kanisa, karibu na kwao, kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa wa miguu na hakuwa na mtoto mwingine. Akikosa hapo, basi, anabaki na jembe. Nilimketisha kwenye usaili wa majaribio.

"Beata, umeongoza nini?"

"Sijaongoza, Madam."

"Hata kitu kidogo?"

"Hapana, Madam."

Nikamhesabu hana lolote. Barua yake niliimaliza kabla chai haijapoa: ni mtulivu, mtiifu, msafi. Kwa maneno hayo peke yake, wewe ungemkabidhi mgonjwa? Chuo kilimwacha. Joseph, aliyeomba hapohapo, akachukuliwa.

Jumamosi moja nikaenda kwao kumpa pole. Mama yake akanisalimia kwa Kibena, "Kamwene, Mwalimu," akanisogezea kiti jikoni karibu na moto. Nikaanza maneno yangu ya kufariji, kwamba safari hii walitaka watu wenye uzoefu wa uongozi. Yule mama akanikazia macho.

"Uongozi upi tena, Mwalimu? Si huyu aliyewapangia wenzake mashamba?"

Akamwambia Beata alete daftari. Beata hakutaka, mama akalichukua mwenyewe kabatini. Ndani yalikuwa majina kumi na mawili, darasa zima, na mbele ya kila Jumamosi shamba la nani, nani anakuja na jembe la ziada, nani anapika. Ilikuwa ile kazi ya kualikana wanayofanya wazazi wao, Beata akaipeleka darasani: wote kumi na wawili kwenu leo, kwetu wiki ijayo, na Jumatatu kila mtu yuko shule. Alikuwa amezunguka nyumba za wenzake wote kumi na mmoja kuwaomba wazazi ruhusa.

"Beata, kwa nini hukuniambia?"

"Madam, kwenye kualikana mtu hajitaji. Mwenye shamba anawashukuru wote pamoja. Ningejitaja, wenzangu wasingekuja tena."

Jumatatu nilimpigia simu Joseph. Hakubisha hata kidogo. "Madam, wewe ndiye uliyeandika," akasema taratibu. "Mimi nilidhani unaandika vile vyuo vinavyotaka. Hata mimi jina langu limo kwenye daftari la Beata." Nilitamani ardhi inimeze.

Nikamrudia Beata, nikamwambia nakwenda chuoni kusema ukweli, na nitamwandikia barua nyingine. Akakubali, ila kwa sharti.

"Ukiandika mimi peke yangu, naomba usiipeleke. Andika majina yote."

Nikaandika yote kumi na mawili, na chini yake nikaeleza nani alishika daftari. Msajili wa chuo, padri mmoja mzee, alizisoma barua zangu zote mbili mbele yangu, ile mbaya na hii mpya. Nikamwambia na ya Joseph ina uongo wangu. Akasema Joseph atabaki kwa matokeo yake ya mtihani, na Beata ataitwa kwenye usaili wa awamu ya pili. Nilikuwa nimeshainuka kuaga aliponisimamisha.

"Mwalimu, nina barua zako nyingi humu, za miaka mingi. 'Mtulivu, mtiifu.' Hao wengine nao uliwauliza vizuri?"

Nilimshukuru, nikatoka.

Beata alipita usaili. Leo ni muuguzi, analala kwao na mama yake. Mimi nimestaafu, na vijana bado wanakuja kwangu, kata ya Ramadhani, na fomu zao. Siwaulizi tena wana cheo gani. Nawauliza ni kazi ipi ingekwama kama wasingekuwepo, kisha nanyamaza, jambo lililonichukua maisha mazima kujifunza. Wakikwama, nakwenda kwao nikawaulize mama zao. Watu wananisifu kwa wale niliowafikisha vyuoni, na nafurahi, kwa nini nisifurahi? Lakini wale watulivu na watiifu wa miaka yote ile walirudi mashambani wakiamini hawakuwa na lolote la kusemwa, na saini iliyo chini ya barua zao ni yangu.