Wamama Wanne na Resori za Nyuma

Mdomo uliponza kichwa, wanasema, na kichwa kilichoponzwa ni hiki changu. Kanisani, wakati wa matangazo, mbele ya watu wote, niliinuka nikasema mashini ya kusaga ya yaya wangu itafika Nakivale, kambini kwetu, ikivutwa na gari yangu mimi. Watu wakapiga makofi. Mama prezidenti wa korali akapiga vigelegele hadi mchungaji akasahau tangazo lililofuata. Nikaketi nimevimba kwa furaha, na hapo ndipo nikaikumbuka gari yenyewe.

Gari yenyewe ni ndogo, nyeupe, ya milango mitano, ambayo nilikuwa nikipelekea nyanya na maharage sokoni Mbarara. Ukiweka magunia matatu nyuma, ilikuwa inachuchumaa na taa za mbele zinaangalia mbinguni. Majirani waliipa jina: Gari ya Maombi. Nilikasirika nao miezi miwili, kisha nikaona kweli inaomba, nikaacha.

Nilishajaribu kuitibu hapa hapa kambini. Fundi mmoja wa baiskeli alichukua pine, tairi kuukuu la lori, akalikata vipande, akavichomeka katikati ya resori, yale machuma yaliyojizungusha yanayobeba matako ya gari. Iliinuka kweli! Lakini kuanzia hapo kila kokoto la njia ya Isingiro nililipokea kwenye meno. Nyanya zilifika sokoni zikiwa mchuzi, zimekosa chumvi tu.

Sasa nieleze kuhusu yaya. Ni dada yangu mkubwa, ndiye aliyenilea tangu tulipotoka Kivu ya Kusini. Miaka yote hii alibeba mahindi kichwani kwenye beseni, akatembea mpaka kwa wenye mashini, akapanga mustari mpaka jioni, halafu anaambiwa mafuta yameisha, rudi kesho. Siku moja alirudi na beseni yake imejaa mahindi yale yale aliyoondoka nayo, akaitua chini, akasema, "Mimi nitanunua yangu." Tulicheka. Hakucheka. Akaweka akiba hadi akaipata, mashini kuukuu lakini nzima, ya mzee mmoja wa Mbarara, chini ya kilima cha Kamukuzi, aliyekuwa anahama kwenye ua wake. Makubaliano yalikuwa wazi: Jumamosi saa sita mchana mashini iwe imetoka getini. Isipotoka, yaya anarudishiwa pesa yake, na mashini inakwenda na mtu wa Rugaaga mwenye lori lake.

"Gari yako itaweza kweli?" yaya aliniuliza mara moja tu.

"Yaya! Unaniuliza mimi?"

Ila kuna jambo moja lililonichoma kwa muda mrefu. Kila akipanda gari yangu, kabla sijawasha, anashika kile kishikio cha juu ya mlango, na hakiachilii mpaka tufike. Halali, haegemei. Nilijua maana yake: haniamini kwenye usukani. Na mimi ni shofer mzuri, muulize yeyote, isipokuwa yule wa mbuzi pale Kaberebere.

Ua wa yule mzee ulipakana ukuta mmoja na garaji ya fundi mustaafu wa jeshi. Anakaa karibu na kambi ya wanajeshi, na hata wateja wasio askari wanamwita Afande. Kiswahili chake ni amri tupu. Nilipompelekea gari, aliinamia gurudumu la nyuma, akavuta kile kipande cha pine kwa vidole viwili, akakiinua juu watu wote wakione.

"Hii nani aliweka?"

"Fundi wa kwetu, Afande."

"Huyo mutu anataka kufungwa. Banange! Gari inabeba na springi, si na takataka."

Nikamwambia nataka shokapu mpya pia, ngumu, ndizo zibebe. Akaniangalia kwa huruma ambayo sikuiomba. "Wewe mama, sikia. Shokapu haibebi. Shokapu inatuliza. Springi ikiruka, shokapu inasema, wewe, kaa chini. Basi. Nitabadilisha zote, lakini kazi ya kubeba ni ya springi." Akaongeza kwamba tela, lile gari dogo la kuvutwa, halikalii gari na uzito wake wote, linalalia kwa pua yake tu pale kwenye ndoano atakayoifunga. Na breki zangu zitabaki zile zile, kwa hiyo nikimbie kama maiti. Hapo nilidhani amekosea neno. Hakukosea: mwendo wa gari la maziko.

Ili achague springi, alitaka apime matako ya gari yatashuka kiasi gani. "Leta watu ine wazito. Wakae nyuma kabisa, fasi ya mizigo."

Nikacheka hadi nikashika ukuta. Watu wazito? "Afande, mimi niko na korali!"

Walikuja Alhamisi: mama prezidenti, mama wawili wa sauti ya kwanza, na yaya wangu. Niliwaambia wanakuja kukalia gari. Wao walisikia wanakwenda Mbarara. Basi wamevaa kitenge cha aina moja, kile cha Pasaka, kirefu hadi chini, vilemba vimesimama, poda shingoni. Mafundi wa garaji nzima waliacha kazi. Wawili wakaingia ndani nyuma, wawili wakaketi kwenye ukingo wa mlango wa nyuma, vitenge vikafunika kila kitu mpaka kwenye vumbi. Na korali ikikaa pamoja kazi yake ni moja. Mama prezidenti akatoa sauti, wakaanza wimbo, na wapita njia wakasimama wakidhani ni harusi. Mtu mmoja aliuliza bwana arusi yuko wapi. Nikamwonyesha Afande.

Afande, mgongo umeinama, futi mkononi, alipima kutoka katikati ya gurudumu hadi kwenye upinde wa bodi. Akapima tena. Akanyanyuka. "Vizuri. Hawa mama si wazito."

Mama prezidenti hakujua afurahi au akasirike. Alichagua kufurahi, na tuliisikia habari hiyo njia nzima ya kurudi.

Ijumaa gari ikawa tayari: springi za ndugu mkubwa wa gari yangu, yaani gari pana zaidi ya aina hiyo hiyo, shokapu mpya, ndoano imefungwa kwa bolti nene chini ya chuma cha nyuma. Ee Mungu wangu! Bila mzigo ilikuwa imeinua matako kama kuku anayetaka kuruka uzio. Nilizunguka nayo mjini mara tatu bila sababu, nikipita taratibu kwenye vioo vya maduka nijione. Nilipiga honi kwa watu nisiowajua. Usiku huo sikulala vizuri kwa furaha, nilitoka mara mbili kuiangalia.

Jumamosi, saa nne asubuhi, vijana wa ua ule walipandisha mashini kwenye tela la kuazima, Afande akaelekeza ikae juu ya ekseli, isogee mbele kidogo tu. Wamama wote wanne walikuwepo, kuisindikiza. Tukapakia na mkanda wake, na boksi la vyuma, na mawe yake ya akiba ya kusagia, vyote ndani ya gari. Tukashusha pua ya tela juu ya ndoano.

Gari ikachuchumaa. Ikashuka, ikashuka, mpaka pine ikagusa bodi, na taa zangu za mbele zikaangalia mbinguni. Gari ya Maombi imerudi. Yaya alishika pembe ya kitenge chake akaanza kuikunja na kuikunjua.

Afande alipima. Akapima upande wa pili. Akavua kofia. "Hapana. Hii nilipima mimi. Miaka yangu yote ya jeshi futi haijanidanganya. Nani amedanganya springi yangu?"

Nikawaangalia wamama. Mmoja aliangalia juu, mwingine alipata kazi ya ghafla kwenye kilemba chake. Mama prezidenti akakohoa.

"Afande, utusamehe. Siku ile hatukuketi."

"Hamukuketi? Niliona mumeketi!"

"Tuliketi kidogo. Gari ya mwenzetu, bado mupya, tukaionea huruma. Mimi miguu yangu ilikuwa inakanyaga chini, ndani ya kitenge. Ba ndani walikuwa banajinyanyua na mikono." Akaonyesha, kiuno kikiwa hewani, uso mtulivu kabisa, kama mtu aliyekaa kwenye kochi. "Hata kuimba tuliimba hivi hivi."

Jamani! Kwa heshima! Adabu ya wamama wangu ilinigharimu resori. Nilitaka kulia, nilitaka kupiga kelele, lakini nilipomwona mama prezidenti akining'inia pale hewani na ile adabu yake, kicheko kilinitoka puani. Afande alishikilia uso wake wa kijeshi kwa muda wa kupumua mara mbili, halafu akalazimika kukaa juu ya pine.

Alipofuta machozi akaangalia saa. Imebaki saa moja na nusu kabla ya saa sita, na lori la mtu wa Rugaaga lilikuwa limeshaegeshwa nje, dereva wake anakula muhindi wa kuchoma bila haraka. Hapo vicheko viliisha.

"Ondoa mashini. Sasa mukae. Kaa kama watu!"

Tukalifungua tela, mashini ikiwa juu yake, tukatoa vyuma, gari tukaisogeza garajini. Safari hii Afande aliwainulia vitenge hadi kwenye vifundo kwa kijiti, akaamuru miguu juu, mikono juu, kama mateka. Gari ikashuka hasa. Akaguna. Akaingia stoo yake akatoka na springi nyingine, nene, alizozitoa kwenye gari ya kubebea maziwa. Akalala chini. Sijawahi kuona mtu wa umri ule akifanya kazi hivyo. Nati zilikuwa zinalia.

Saa sita kasoro kidogo upande mmoja ulikuwa bado. Mwenye ua akatokea getini na dereva wa lori nyuma yake. Nikaanza kumwomba atuongeze dakika kumi. Yaya ndiye aliyesema, kwa sauti yake ya kawaida: "Tulipatana itoke getini. Hatukupatana itoke na nini."

Sikuwahi kumpenda mtu kama nilivyompenda dakika ile. Wamama wanne, kitenge kiunoni, wakashika tela. Mimi nikashika. Mama prezidenti akatoa sauti, na kwa wimbo ule ule wa Alhamisi tukaisukuma mashini kwa mikono, tukapita mbele ya dereva na muhindi wake, tukatoka getini mpaka barabarani. Mwenye ua alicheka, akafunga geti nyuma yetu. Mtu wa Rugaaga, nasikia, alipata mashini nyingine na yuko salama. Simwombei mabaya.

Afande alipomaliza akaileta gari barabarani, tukafunga tela. Gari ilishuka kidogo, ikatulia, sawa sawa na barabara. Hakuna kilichogusa. Akapiga bodi kofi. "Nenda. Pole pole."

Wamama watatu walipanda taksi ili watutangulie na habari. Yaya alikaa nyuma yangu, pembeni ya boksi la vyuma. Nami nikaendesha kama maiti, kama nilivyoamriwa, huku moyo unacheza ngoma. Kaberebere walisimama kutuangalia, nikawapungia kama mheshimiwa. Baada ya lami kuisha ikaanza milima. Gari ikapanda kwa gia ya kwanza, inanguruma, haitingishiki. Nikatazama kioo nimwonyeshe yaya meno yangu yote.

Alikuwa ameshika kishikio. Mkono wote umekaza, mishipa imetoka, na hakuwa ameketi. Alikuwa amejinyanyua.

"Yaya, uko unafanya nini?"

"Niko nasaidia gari ipande."

Nikaanza kucheka. "Afande ameshapima! Keti!"

"Siwezi. Nimezoea." Kisha akasema kama anayesimulia habari za soko: "Siku tulitoka kule, mu kamyo, ile lori ya mizigo, wewe ulikuwa mu mugongo yangu. Shofer akasema mulima iko mbele, wenye uzito bashuke, babaki mu njia. Nikashika chuma ya juu. Nikajinyanyua, mimi na wewe. Akapita, akaangalia, akasema huyu ni mwepesi, abaki mu kamyo."

"Mulima moja?"

"Mingi."

Miaka yote hiyo nilidhani anaogopa uendeshaji wangu. Nilisimamisha gari pale pale katikati ya mlima, nikavuta breki ya mkono, nikageuka.

"Yaya. Hii gari shofer ni mimi. Hakuna mwenye atakushusha. Achilia."

Akaachilia kidole kimoja kimoja, akajishusha, akakaa na uzito wake wote. Niliisikia gari ikimpokea. Ilishuka labda upana wa kidole, ikakaa hapo.

"Kumbe," akasema.

Nikaondoka tena. Hatujamaliza ule mlima, alishalala. Analala mdomo wazi, kilemba kimemwangukia jicho, anakoroma kuzidi injini. Na mimi nikaendesha nikicheka na kulia kwa pamoja, nikikwepa kila shimo.

Nakivale walikuwa wamejipanga barabarani, korali yote, ngoma tayari, mama prezidenti mbele ameshavuta pumzi. Niliteremsha kioo nikaweka kidole mdomoni, nikamwonyesha nyuma. Akachungulia. Akaigeukia korali yake, ile isiyojua kunyamaza hata kwenye maziko, akainua mkono.

Wakaishusha mashini kwa kunong'ona.