Nilipiga picha mwezi wa Idi kwa lensi ya harusi hapa Goma, nikapata kaleso

Wakuu, salamu kutoka Goma. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na nikitia chumvi hata punje, mama mwenye nyumba atanifukuza.

Mimi ni fotografe hapa mtaa wa Mapendo. Harusi, ubatizo, picha za pasipoti. Apareyi yangu, yaani kamera, ni ya kawaida kabisa, na lensi ni ile ndogo inayokuja nayo ndani ya kartoni, 18-55, haivuti mbali. Wanaojua wameshaanza kucheka.

Napanga kwa Mama Assani. Ni mjane, Muislamu, ukoo wao ulitoka Maniema. Ana watoto wawili wa kiume. Assani, mkubwa, ni dereva wa njia ya kwenda mji wa Kiwanja. Juma, mdogo wake, anauza vitenge.

Hawa ndugu miaka minne hawajala Idi pamoja.

Juma anafuata tangazo la kwenye simu. Assani yeye hafungui mpaka auone mwezi kwa macho yake. Shida ni kwamba Assani haoni mbali, na miwani hataki kuisikia. (Ndiyo, ni dereva. Mimi Kiwanja naenda na pikipiki.)

Basi kila mwaka mmoja anakula leo, mwingine kesho, kila mtu kwake. Mama anabaki na sufuria yake.

Mwaka huu, siku ya ishirini na tisa ya mfungo, akaniita.

"Mutoto wangu, leo utavuta picha ya mwezi na ile masini yako, umuonyeshe Assani. Nataka niwaone kwenye sahani moja kabla nikufe."

Alilia, wakuu. Ningekataaje?

Jioni tukasimama uani sisi wanne. Mawingu yakafunguka upande wa milima ya Masisi na Juma akapiga kelele: "Ule kule!" Mwembamba kama ukucha uliokatwa.

Nikaweka auto, nikabonyeza. Flashi ikainuka yenyewe, pwaa!

Jirani akatoa kichwa dirishani: "Eh fotografe, mwezi umekatiwa umeme?"

Kutazama picha: giza tupu, na katikati kaleso, chupi ya Juma, iliyoanikwa kwenye kamba, nyeupe, inang'aa.

Assani akaisogeza karibu na pua. "Huu mwezi naujua. Ni Mama aliununua."

Nikazima flashi, nikapiga tena. Apareyi bado ilikuwa imeshika fokasi ya ile kamba ya nguo, kwa hiyo mwezi ukatoka umevimba, duara nono, jeupe.

"Mwezi muzima!" Assani akasema. "Basi tuko katikati ya Ramadhani. Tuendelee kufunga wiki mbili."

Hapo damu ilinichemka. Nikaweka manual, ISO 400, kasi moja ya sitini, fokasi nikaizungusha kwa mkono, apareyi nikailaza juu ya gunia la makaa isitikisike. Safari hii ukatoka. Mdogo kama punje ya mchele, lakini ukivuta zumu ni mwezi mwandamo, safi kabisa. Nilijisifu mwenyewe kwa sauti.

Assani akautazama weee, halafu akaona pembeni: tarehe mosi Januari, mwaka 2010. Mimi saa ya ile apareyi sijawahi kuipanga tangu nilipoinunua!

"Huu ni mwezi wa zamani. Tena masini ya Mukristo."

"Masini haina dini!" Juma akafoka.

"Imebatiza watoto wote wa Mapendo, unaniambia haina dini?"

Wakabishana. Mimi nami nikaingia, nikaapa kwa Biblia kuhusu mwezi wa Waislamu, upuuzi mtupu. Mpaka Mama akapaza sauti: "Mwezi hauko mule ndani! Muangalie juu!"

Tukainua vichwa. Umeshazama nyuma ya milima.

Mama alikuwa ameutazama peke yake mpaka ukazama. Akajifuta macho, akaingia ndani.

Kesho yake Juma akaja na nguo za Idi. Mama alikula tende moja asubuhi ili isiwe amefunga siku ya Idi, akapika pilau, akaifunika. "Haifunguliwi mpaka Assani afungue." Juma akashinda na chai, ananung'unika.

Magharibi, saa yake ya kufungua, Assani akafika. Jirani alishamwambia kwamba mama yake hajala. Akasimama mlangoni.

"Mama, munisamehe. Jana Juma alikuwa ananionyesha na mimi sikuona kitu. Hata mwaka jana sikuona kitu. Naona aibu."

Mama akafunua sufuria. Wakala watatu, sahani moja, na mimi kando na yangu. Nikawapiga picha moja, nikarudi kula.

Nilipoifungua chumbani kwangu, nyeusi tii. Niliacha apareyi kwenye manual ya mwezi, na mule ndani kulikuwa na kibatari tu.

Funzo: mwezi unataka manual, zima flashi, anua nguo kwanza. Na ukimaliza, rudisha apareyi ilivyokuwa.

Mama alikataa kabisa niifute ile picha nyeusi. Nimeichapa, imetundikwa sebuleni. Anawaonyesha wageni kwa kidole kwenye lile giza, "Huyu Assani, huyu Juma," na wageni wanaitikia. Assani siku hizi ana miwani, na anasema ile picha anaiona vizuri sana.

Wenye lensi ndefu na wenye ndugu wabishi, uwanja ni wenu, mniseme.