Marahaba ya Masunga

Nakumbuka siku moja mama mkwe wangu, Ngolo binti Maduhu, alifika kwangu Mirongo kutoka Magu, akavua kandambili mlangoni, akapiga goti na kumwamkia mtu wa ukutani. Kaa vizuri, mwanangu, nikusimulie taratibu. Pumzi yangu siku hizi ni ya kukopa, na magoti yameacha kunisikiliza.

Umeniambia unataka kuanza kununua picha za kuchora, zile za wachoraji waliosomea kazi yao, na umeniomba hizi zangu ukazitundike kwako. Nimekusikia. Lakini kabla sijakujibu, ujue kwanza ni akina nani unaowaomba.

Wakati ule nilikuwa na nguvu zangu, nabeba robota la vitenge begani bila kumwita mtu. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Vitu tulivyovipangia foleni zamani vilijaa madukani, viwanda vya sangara vinachipua ufukweni, na huku watumishi wa serikali wanapunguzwa kazini, wanarudi nyumbani na bahasha kwapani. Aliyepata alinunua friji, makochi, redio ya kaseti. Mimi nilinunua picha.

Mchoraji aliitwa Deo, mtoto wa Ukerewe. Serikali ilikuwa imempeleka nchi ya baridi kusomea uchoraji, akakaa huko mpaka ndevu zikamwota. Alinieleza kwamba walimu wake walimchoresha mifupa kwanza, kisha nyama, kisha ngozi, nguo zikaja mwisho kabisa. Aliporudi alipewa kazi ofisini, halafu naye akapunguzwa. Watalii walikuwa wanataka twiga na pundamilia wa rangi za kung'aa, na Deo mkono wake ulikataa. Alichora watu, tena walivyo. Kama una kovu, utalikuta. Kama una magaga, hata ufa mmoja hautakosekana.

Ya kwanza niliinunua kwa sababu nilimjua aliyemo. Alikuwa Rhobi, mama wa Mara aliyekuwa akianika dagaa, na Deo alikuwa amemchora hadi magamba kwenye kucha. Ya pili alikuwa Leokadia, muuza vitumbua, amesinzia mbele ya jiko lake. Kisha Bugumba, mshona viatu. Kila nikipata faida, naongeza mtu. Mume wangu Mabula, Mungu amrehemu, alikuwa akicheka: "Mama Shija, wenzako wananunua friji, wewe unanunua wachovu!" Majirani wakaidaka, na sebule yangu ikaitwa Sebule ya Wachovu. Sikujali. Jioni nikitoka sokoni miguu inawaka moto, nilikaa katikati yao nikaona nimefika kwa wenzangu. Mtu aliyechoka hapumziki vizuri mbele ya picha inayocheka.

Kubwa kuliko zote ilikuwa ya mbeba mizigo wa Kamanga, ng'ambo ya maji. Deo alikuwa amemketisha juu ya gunia la udaga, ule muhogo mkavu, mikono imelegea magotini, anatazama mlangoni. Mtu mzima kwa kimo chake. Tuliitundika chini chini, karibu na kochi, na sebule ile ilikuwa na kigiza. Pembeni Deo aliandika: Mzee wa Ziwani.

Sasa ndipo mama mkwe akaingia.

"Shikamoo, baba."

Kimya.

"Mwadila, baba!" akaongeza sauti.

Akanigeukia, uso umekunjamana. "Mama Shija, mgeni wako ni kiziwi au ana kiburi? Nimempa ya Kiswahili, nimempa ya Kisukuma. Au ni Mzinza?"

Siku hiyo Deo alikuwa kwangu, yuko mezani anakula. Alitupa tonge, akasimama, akapiga makofi kama mtoto. "Ameamkiwa! Mama Shija, umesikia? Ameamkiwa!" Na machozi yakamtoka. Huko kote alikosoma, hakuna mwalimu aliyewahi kumpa sifa kama ile.

Mama alisogea, akagusa turubai kwa kidole, akanusa yale mafuta ya rangi. Nilidhani atacheka. Akaketi.

"Huyu mtu yupo, au mmembuni?"

"Yupo, bibi," Deo akasema. "Anaitwa Masunga. Anakaa ng'ambo, ukishuka Kamanga si mbali. Siku hizi anaumwa, hafiki tena gatini."

"Ameiona hii?"

Deo akaanza kunawa mikono, na chakula kilikuwa bado sahanini. "Nilipokuwa namchora aliniomba kitu kimoja tu. Kwamba nikimaliza, nimwonyeshe."

"Na wewe?"

"Niliogopa, bibi. Nimemchora amechoka sana. Nikaona atachukia."

"Ukaona uwaonyeshe watu wengine uchovu wake, mwenyewe umfiche."

Mwanangu, mama yule hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alisema pole pole, kama anapepeta mchele. Ahadi ni deni, hilo sote tulilijua, Deo akiwemo. Lakini yeye hakusema habari za ahadi. Alisema hivi: "Salamu yangu iko pale ukutani inaning'inia. Mimi sikutoka kwa watu wanaoacha salamu hewani. Kesho tunavuka. Nataka marahaba yangu."

Nikajaribu kumtuliza. Nikamwambia picha ile haipendi maji, ikilowa imekufa.

"Na mwenyewe akifa, picha itakuwa nani?"

Nikainuka kutafuta vitenge vya kuifungia.

Asubuhi tuliifunga kwa vitenge vyangu vipya, tukapanda pantoni. Deo aliikumbatia kama mtu anayevusha mgonjwa. Abiria wakaanza: "Mama, hicho ni kioo?" "Kioo gani kirefu hivyo, huo ni mlango!" Upepo ukafunua kitenge, na kijana mmoja wa pantoni akapiga yowe: "He! Si Masunga huyu?" Wakaja wenzake, wakamtambua wote. Mmoja akasema, "Masunga wa watu! Miaka yote anabeba, leo kabebwa." Wakacheka sana, kisha kicheko kikakatika chenyewe. Tulipofika ng'ambo waliishusha wao, wakatukataza tusiiguse.

Binti yake, Minza, alitupokea uani, akatuingiza chumbani. Masunga alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba. Alipomwona mama alijikaza, akainuka kwa kiwiko.

"Shikamoo, mama."

Mama alishtuka, nami nikashtuka. Pale karibu, bila rangi za Deo, tuliona sote: hakuwa mzee. Alikuwa rika la Mabula wangu. Mama yule angeweza kumzaa. Magunia ndiyo yaliyomzeesha, na Deo alichora alichokiona.

"Marahaba, mwanangu," mama akasema. "Lakini sikuja kuamkiwa. Nimekuja kuitikiwa."

Deo akafungua vitenge. Akaisimamisha mbele ya kitanda. Masunga alitazama. Alianza na miguu, akapanda magotini, akafika kwenye ile mikono, akakaa hapo muda. Mwisho akafika usoni.

"Kumbe nimechoka hivi," akasema.

"Tulikuwa tunakuambia, baba," Minza akajibu, akageukia ukutani.

"Mlikuwa mnaniambia. Hamkunionyesha." Akamwangalia Deo. "Ulichelewa, fundi. Lakini hukunidanganya. Hata gunia ni lenyewe, lile lenye kiraka."

Ndipo mama akamweleza habari ya salamu yake, mara mbili, kwa lugha mbili, na yule bwana asivyojibu. Masunga alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Minza akampa maji. Akasema, "Mama, mimi siwezi kukuitikia. Mimi ni mtoto wako. Ila huyu hapa amekuzidi umri, nitamsaidia." Akanyoosha mkono, akaugusa ule mkono wa kwenye picha.

"Marahaba, mama. Mwadila."

Mama akapiga goti, akashukuru, kama amepokea kitu kizito.

Deo alitaka kuiacha picha pale, nami nilikubali. Masunga ndiye aliyekataa. "Chumba hiki hakitoshi wachovu wawili. Rudini naye. Ila msimwite Mzee wa Ziwani, ziwa lina wazee wengi. Mimi ni Masunga mwana wa Shilinde. Na akija mtu akamwamkia tena, msimwache aibike. Mwitikieni kwa niaba yangu."

Deo alifuta yale maneno ya pembeni palepale kwa kitambaa na mafuta yake, akaandika jina. Liko hadi leo, mwenye macho haambiwi tazama.

Masunga alitutoka masika yalipoanza. Baada ya arobaini Minza alivuka akaja Mirongo. Hakuuliza chochote. Aliingia sebuleni akaketi sakafuni mbele ya picha, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, baba." Nilikuwa jikoni. Niliacha mwiko, nikaja nikasimama nyuma yake, nikasema, "Marahaba, mwanangu." Nilisema kama nilivyoagizwa. Akalia, akanyamaza, akala, akaenda zake. Tangu hapo alikuja kila alipovuka, na sikumwacha hata mara moja aamkie ukuta.

Basi, mwanangu, ukinunua picha ya mtu, nunua na jina lake. Picha bila jina ni kama kumwita mtu "wewe". Usitafute wanaocheka peke yao. Mchoraji aliyesoma mifupa atakuonyesha mzigo ulipolalia, usigeuze uso. Kabla hujaitundika, uliza kama mwenyewe ameiona. Akiwa hai, mpelekee, hata kama ni ng'ambo na maji yamechafuka. Ukimwogopa mtu kwa jinsi ulivyomwona, huenda hujamaliza kumwona. Na usiweke nyumbani kwako mtu ambaye huna nia ya kumwitikia.

Mimi siku hizi macho yamefifia. Asubuhi namwamkia Masunga, halafu naitikia mwenyewe kwa niaba yake, bibi kizee peke yangu sebuleni, jirani akisikia atasema nimechanganyikiwa. Kwa umri nimempita mbali, lakini yule wa kwenye picha bado ni mkubwa wangu. Haya nimekusimulia kwa kupumzika pumzika, shule yangu ni ngumbaru tu, ile ya watu wazima. Sauti nayo inakauka. Nimeitikia miaka mingi, nimechoka.

Wachukue. Huyu ni Rhobi, huyu Leokadia, huyu Bugumba, na yule wa karibu na kochi unamjua. Minza naye ana wajukuu sasa. Wakibisha hodi kwako, wafungulie. Mungu akupe miguu ya kuvuka na sauti ya kuitika. Na siku utakayochoka, mwanangu, uwe na mtu wa kukuona ungali hai, na mwingine wa kuitika utakapokuwa umenyamaza.