Séraphine Hakuambiwa Kama Test ni Jumamosi

Jumatatu moja, saa mbili asubuhi, Séraphine aliingia katika salle tupu ya masomo, akakaa mbele kabisa, akatoa biki mbili mezani, akangoja test.

Alingoja mpaka saa nne.

Test ilikuwa imefanywa jumamosi. Na katika promotion yetu, sisi wanafunzi wa mwaka mmoja, mutu mmoja tu alijua kwa nini yeye hakuja.

Ni mimi. Naitwa Nasiba. Hii habari hata dada zangu hawaijui.

Mwisho wa 2022 nilikuwa mwaka wa pili, masomo ya laboratoire ya hospitali, katika institut moja hapa Goma. Nilikuwa CP, yaani ule anayepokea habari za wakubwa na kuzipasha kwa wenzake. Tena nilikuwa wa kwanza. Mtaa wetu wa Mabanga, wote walijua. Papa alikuwa anawaambia wateja dukani kwake: "Mutoto wangu hajawahi kuwa wa pili."

Ndipo waasi wakachukua mji wa Kiwanja, na Séraphine akafika.

Alikuja kwa miguu na mama yake, wakapita Rumangabo, mwishowe wakapata nafasi katika kambi ya wakimbizi ya Mugunga, chini ya bâche, yaani turubai. Telefone ilipotea njiani. Karatasi ya points zake ilibaki katika institut ya kwao, na nani angerudi kule kuitafuta?

Mwanzoni nilimpenda, kweli. Mwaka 2021, volkano ilipotoka, sisi tulikimbilia Kiwanja. Watu wa kule walitupa chumba na maharagi wiki mbili nzima, bila kutuuliza kitu. Kwa hiyo nilipomuona amekaa nyuma peke yake, nikamufuata.

"Mbona huandiki?"

"Siko nafikia, dada. Prof anakimbia sana. Na kwetu tulikuwa na microscope moja, batu makumi ine. Vitu vingine njo minaviona leo."

Nikamuazima makayé yangu, yale madaftari ya masomo. Jioni anaenda nayo Mugunga, asubuhi anayarudisha, ameyafunga ndani ya sachet mvua isiyaguse.

Miezi miwili tu.

Interro ya damu, ule mtihani mfupi: mimi kumi na nne kwa ishirini, Séraphine kumi na nane. Prof akasoma points kwa sauti. Mmoja nyuma akapiga kelele: "CP, wamekutoa kwenye kiti!"

Wote wakacheka. Na mimi nilicheka. Ndani nilikuwa nawaka.

Ilikuwa ijumaa. Saa ile ile Papa Mulumeoderhwa akaniita. Yeye ni apparitor, anashika dossiers za wanafunzi wote.

"Nasiba, ile test ya wale waliohamia bila karatasi haiko tena jumatatu. Tumeileta kesho. Asiyeifanya anarudi mwaka wa kwanza. Huyu wa Kiwanja hana telefone. Umuambie."

"Ndiyo, Papa."

Nilimkuta Séraphine kwenye mulango. Alikuwa ananingoja, anirudishie kayé.

"Dada, Mungu akubariki. Bila wewe ningeacha masomo."

Nikafungua kinywa. Nikasema: "Tutaonana jumatatu."

Hivyo tu. Nakuapia, sikupanga. Nilijiambia jioni nitapanda pikipiki niende Mugunga. Jioni sikwenda. Jumamosi nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumatatu nikamuona kupitia dirisha, na zile biki zake mbili. Nikapita naangalia chini.

Wakamurudisha mwaka wa kwanza.

Nilingoja Papa Mulumeoderhwa aniite. Wiki moja, mbili. Hakuniita. Nikasema, bon, amesahau.

Nikarudi kuwa wa kwanza.

Na Séraphine akaendelea kuazima makayé kwangu, sasa ya mwaka wa kwanza. Kila mara: "Aksanti, dada." Kila mara nikajibu: "Si kitu."

Mwisho wa mwaka akawa wa kwanza wao. Wakamuomba aseme neno mbele ya institut yote.

"Kuna mutu amenibeba tangu nilifika," akasema. "Nasiba, simama."

Nikasimama. Makofi! Yeye hakupiga. Aliniangalia tu, muda mrefu. Nikatikisa kichwa, nikakaa.

2024 nikamaliza, nikapata kazi. Yeye alibakiza mwaka. Januari 2025 vita vikaingia Goma penyewe, institut ikafungwa. Mwezi uliofuata, watu wa Mugunga wakaambiwa wabomoe mahema, kila mutu arudi kwao.

Nikakimbia kule. Nilimkuta anakunja bâche na mama yake.

"Séraphine, ile test. Walinituma nikuambie. Nikanyamaza."

Hakuacha kukunja. "Minajua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile jumatatu. Papa Mulumeoderhwa aliniuliza: Nasiba hakukuambia? Nikamujibu uliniambia, mimi njo nilisahau."

"Juu ya nini ulinifichia?"

"Wangekufukuza. Na mimi ningeazima makayé kwa nani?"

Machozi yakanitoka. Mama yake, ambaye hakujua kitu, akanisogezea bidon nikalie. "Ikala, mutoto wangu. Umechoka."

"Ile siku nilikusimamisha," Séraphine akasema polepole, "nilifikiri utasema. Mbele ya batu wote. Nilikungoja. Ukaikala."

"Unisamehe."

"Ule mwaka nilishakusamehea. Lakini zile aksanti zote ulikuwa unapokea... hizo bado."

Camion iliyowangoja ikapiga honi. Akabeba bâche kichwani, akaenda.

Kesho yake nilimtafuta Papa Mulumeoderhwa nyumbani kwake, nikamuambia yote. Alivua lunettes machoni, akazifuta kwa shati.

"Aliyesahau sikuweza kumusaidia," akasema. "Lakini aliyefichwa habari, ningemupa test saa ile ile. Karatasi moja ya test ilibaki, ilikuwa katika armoire yangu, kabati ya kazi. Ungekuja tu ile jumatatu, Nasiba. Ungekuja hata saa tatu na nusu."

Saa tatu na nusu Séraphine alikuwa bado amekaa pale. Na mimi nilikuwa salle ya pembeni, naandika notes.

Mpaka leo hana diplôme. Mimi nina yangu, iko ukutani kwa papa wangu, wageni wanaisifu.

Ndugu yangu, wivu unaweza kumupata mutu yeyote, hata mwenye roho nzuri. Lakini ukishakosea, usijiambie imekwisha. Kimbia useme siku ile ile, hata kama utafukuzwa, maana pengine dawa bado iko, na wewe njo unaizuia kwa kunyamaza.