Siku Mashine ya Gololi Ilipoipima Sakafu Yangu

Naandika haya uso ukiwa bado unawaka moto, maana mimi Fundi Bura, niliyeishia darasa la nne na leo nina nyumba tatu za bati la rangi hapa Mbulu, niliaibishwa na dude lisilo na mdomo, tena sebuleni kwangu.

Dude lenyewe ni mashine ya kuchezea gololi ya chuma (wenyewe wanaiita pinboli). Nilipewa na mzee mmoja wa Masakta niliyemjengea ukuta, ilikuwa ghalani kwake chini ya magunia ya mahindi tangu wazungu wa mashamba ya ngano walipofunga klabu yao wakaondoka. Ya zamani kweli! Haina kompyuta hata chembe: kila pointi ni sumaku ya umeme inavuta gurudumu lenye namba, gurudumu linageuka ka!, kengele inalia, na nyaya za tumboni ni nyingi kuliko utumbo wa ng'ombe. Nikasugua kwa msasa kila mahali umeme unapogusana, mipira iliyooza nikaikatia mipya kwenye tyubu ya baiskeli, ikafufuka stoo kwangu, juu ya sakafu ya udongo. Nani mwingine angeweza?

Sasa kamati ya ujenzi ya kanisa ikasema inakuja kuona kazi yangu kabla ya kunipa sakafu ya ukumbi mpya. Kazi hiyo niliitaka kuliko zote, maana sakafu ya ukumbi inataja jina la fundi hata akishazikwa. Nikaihamishia mashine sebuleni iwapokee wageni. Miguu yake minne ina skrubu za kupandisha na kushusha, ndizo zilizoisawazisha kule stoo, nami nikazing'oa zote huku nacheka: hizi ni za sakafu mbovu za Ulaya, sakafu ya Bura haihitaji viatu vya kisigino! (Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.)

Wakaja watano, mbele yao mwenyekiti, Mzee Tluway, seremala mstaafu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Fundi. Tumekuja kuona."

Nikamwomba katibu wao, Mwalimu Neema, arekodi kwa simu ili waumini wote waone. Nikawasha, nikavuta, nikaachia gololi, kengele ikalia mara moja tu, halafu mashine nzima ikafa ganzi na kioo chake kikawaka neno moja la Kiingereza.

"Imeandika nini, mwalimu?"

"Kwamba imeegama, Fundi. Imelala upande."

"Aa, umeme ni mdogo leo."

"Mbona taa ya darini inawaka vizuri?"

Nikaanza upya, ikafa tena. Jasho likanitoka, nikainua ubao wa kuchezea niwaonyeshe ubovu wa wazungu, na mle ndani kukawa na kipande cha chuma kinaning'inia kwenye waya, ndani ya pete. Kinawekwa ili mtu asiitikise mashine kwa hila, kikigusa pete mchezo unakatika. Nacho hakikuwa katikati, kilikuwa kimeegemea pete kama mlevi ukutani, na hakuna aliyekuwa ametikisa kitu.

Mzee Tluway akainama. "Fundi, hii si timazi?"

Timazi, kama ile ya kupimia wima ninayotembea nayo kwenye mfuko wa kazi miaka yote! Nikasema timazi ya kizungu haiaminiki. Mzee hakubishana, akachukua gololi, akaiweka sakafuni karibu na mlango, akaondoa mkono. Ndugu zangu, ikaanza kutembea yenyewe, taratibu, halafu mbio, ikapita katikati ya viatu vya kamati nzima, ikaingia chini ya kabati, tukasikia ti! ukutani.

Mke wangu akachungulia kutoka jikoni.

"Mimi nilimwambia tangu tulipohamia, nikipiga deki maji yote yanakimbilia kabatini. Akasema sijui kukamua tambara."

Nikamgeukia mwalimu. "Umeshazima?"

"Bado, Fundi. Si ulisema waumini wote waone?"

Ukumbi akapewa fundi wa Katesh, mtu mkimya asiyejisifu hata kidogo. Ulipokwisha niliingia peke yangu, gololi mfukoni, nikaiweka katikati nikiomba (Mungu anisamehe) ikimbie. Nikasubiri. Nikachuchumaa nikasubiri tena. Ikakaa pale kama imepigiliwa msumari.

Kesho yake nikachukua nyundo nikavunja sakafu ya sebule. Siku hizi gololi inatangulia, mdomo wangu unafuata, na mke wangu akisema maji yanakimbia, namuuliza yanakimbilia wapi.